Kizibao Chekundu cha Kutuma Bristol: Tathmini ya Fundi Cherehani wa Nairobi

Fundi ninayemwandikia tathmini hii hana ubao wa jina mlangoni, na ameniomba nisimtaje, si kwa kuona haya bali kwa sababu kila mwisho wa mwaka sare za shule humjaa hadi kwenye ngazi, naye hataki kuongezewa wateja wapya watakaompigia simu kutwa kuulizia nguo zao. Nitasema tu kwamba chumba chake kipo ghorofa ya pili ya jengo kuukuu upande wa River Road, kwamba ana vyerehani vitatu vya kukanyaga kwa mguu na kimoja cha umeme ambacho hakiamini sana, na kwamba hupatikana kwa kuelekezwa na mtu aliyewahi kushonewa naye. Mimi nilimfahamu kupitia sare za shule ninakofundisha somo la historia. Ndiyo maana ananiita Mwalimu, nami humwita Mzee, kwa kuwa ni rika la baba yangu. Kazi niliyompelekea mwezi wa Mei mwaka huu haikuwa sare. Ilikuwa kizibao cha haramia wa baharini wa mwaka 1722, cha zawadi, kwa ajili ya mtu ambaye fundi hangemwona wala kumpima, na ambaye sindano ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Inafaa nieleze zawadi zenyewe kwanza, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini nilikuwa mkali hivyo kuhusu matundu ya vifungo. Tunaoshona na kuvaa mavazi ya maharamia kwa kujifurahisha ni wachache hapa Nairobi, tukikutana sote tunaenea kwenye meza moja ya mkahawa, na kondakta wa matatu akiiona kofia ya pembe tatu humwita mwenye nayo “Kapteni!” mpaka mwisho wa safari. Wenzetu wengi wako Uingereza, Marekani na Ujerumani, tumejuana kwa intaneti, na wapo ambao kwa miaka mitano tumeelekezana namna ya kukata mikono ya koti na kupinda kingo za kofia bila kuonana ana kwa ana hata mara moja. Kila mwaka, ikikaribia tarehe 19 Septemba, siku ambayo Wamarekani wawili, John Baur na Mark Summers, waliibuni kwa mzaha mwaka 1995 ili watu wazungumze kiharamia kutwa nzima, kila mmoja wetu humtumia mwenzake kitu, na kitu hicho tunakiita fungu. Neno hilo nililipeleka mimi, nao wamelizoea hata wale wasiojua neno jingine la Kiswahili, kwa kuwa linatoka moja kwa moja katika masharti ya maharamia wenyewe: kwenye meli za Bartholomew Roberts ngawira iligawanywa kwa mafungu, nahodha na msaidizi wake mkuu wakipata mawili kila mmoja, serahangi na mkuu wa mizinga wakipata moja na nusu. Sisi tumeondoa vyeo. Fungu ni moja kwa kila mtu, lazima liwe limepitiwa na mkono wa mtu, lazima liweze kutumika badala ya kufungiwa kabatini, na bei yake haitajwi kamwe mbele ya anayelipokea. Sharti hilo la mwisho nitalivunja humu, kwa sababu tathmini isiyo na bei haimsaidii mtu, na kwa sababu rafiki yangu hasomi Kiswahili.

Rafiki huyo ni mama aliyepita miaka sabini, mkazi wa Bristol, bandari alikoanzia safari yake ya kuizunguka dunia mwaka 1708 Woodes Rogers, ambaye miaka kumi baadaye alifika Bahamas akiwa gavana na akaanza kuwakomesha maharamia. Mama huyu hupenda kusema kwamba anaishi mji wa adui. Kwa zaidi ya miaka thelathini alishona mavazi ya waigizaji wa jukwaani. Mwaka juzi, wiki ya pili baada ya mimi kutoka hospitali nilikofanyiwa upasuaji, nililetewa kifurushi ambacho sikukitarajia, maana Septemba ilikuwa bado mbali. Ndani yake mlikuwa na kofia ya pembe tatu ya sufu nyeusi, ukingo wake umepindwa na kushonwa kwa mkono, na karatasi iliyoeleza kwamba kipimo cha kichwa changu alikipata kwa kuitazama picha yangu nikiwa nimesimama kando ya mlango wa darasa, akakadiria urefu wa mlango, kisha akapiga hesabu. Kofia ilinikaa sawasawa. Nilipokuwa sijaweza kupanda ngazi, niliivaa kitandani nikisahihisha madaftari. Kwa hiyo zamu yangu ya kumtumia fungu ilipofika mwaka huu, sikuona kama ningeweza kumpelekea kikapu cha kununua dukani.

Yeye humwigiza baharia wa Roberts, na hapo ndipo wazo la kizibao lilipotokea. Masimulizi yaliyochapwa London mwaka 1724, ambayo ndiyo chanzo cha karibu kila tunachokijua kuhusu mavazi ya nahodha huyo, yanasema kwamba siku aliyouawa, tarehe 10 Februari 1722, karibu na Rasi ya Lopez katika nchi ambayo leo ni Gabon, Roberts alikuwa amevaa kizibao na suruali fupi za damaski nyekundu iliyoiva, unyoya mwekundu kofiani, na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi. Manowari ya Uingereza iitwayo Swallow ilimpiga kwa mzinga, na watu wake wakamtupa baharini na mavazi yake yote, kama alivyokuwa ameagiza. Kizibao chenyewe, basi, kiliishia chini ya maji ya Afrika, na hakuna jumba la makumbusho linaloweza kutusuta. Hata pale mabaki yanapopatikana, hupatikana kidogokidogo: meli ya Whydah, iliyozama karibu na Cape Cod mwezi wa Aprili 1717 na kugunduliwa mwaka 1984, ilitoa mizinga na fedha kwa wingi, lakini kwa upande wa mavazi watu hutaja zaidi kiatu kimoja na soksi ya hariri.

Damaski ni kitambaa ambacho maua yake hayapigwi chapa bali hufumwa humo humo, yakawa yanaonekana na kupotea kadiri mwanga unavyogeuka. Hapa Nairobi damaski haiuzwi kwa ajili ya nguo. Nilizunguka Biashara Street asubuhi nzima nikionyeshwa vitambaa vya suti na vya kitenge, mpaka muuzaji mmoja akanishauri niende Eastleigh kwenye maduka ya mapazia, na huko nikaipata kwenye duka la tatu, nyekundu ya komamanga, shilingi 850 kwa mita. Nilipoifungua mbele ya Mzee, aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka dirishani, akaigeuza.

“Mwalimu, hiki ni kitambaa cha pazia.”

“Najua, Mzee.”

“Na mtu atakivaa?”

“Atakivaa mbele ya watu.”

Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kitambaa cha pazia hufumuka kingo upesi, kwa hiyo kila ukingo itabidi ukunjwe mara mbili, na ufundi utapanda bei. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolipenda. Mafundi wawili niliowaendea kabla yake walikuwa wamekubali kazi bila kuuliza chochote, na fundi asiyeuliza chochote kuhusu nguo ambayo hajawahi kuiona maishani mwake ni wa kuogopwa.

Kizibao cha enzi hiyo si kile kifupi cha bwana harusi. Hushuka hadi mapajani, huchanua kuanzia kiunoni, hakina ukosi, na huwa na safu ya vifungo kutoka kooni hadi karibu na pindo. Nilimpelekea picha nilizozichapisha, pamoja na vipimo ambavyo rafiki mwingine wa Bristol alimpimia mama yule kwa hila, akidai kwamba anataka kumfumia sweta. Mzee hakuamini vipimo vya kuletwa kwenye karatasi. Alianza kwa kushona kizibao cha majaribio kwa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo jina lake limebaki nasi tangu karne ya 19 ilipokuwa ikiletwa pwani na meli za Marekani, akamvalisha msichana anayemsaidia kukata nyuzi, ambaye kwa bahati ana mabega ya upana uleule, kisha akaniambia nipige picha ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, niitume kwa yule aliyepima ili atuambie mwili wa mwenyewe unatofautianaje na huu. Jibu lilirudi siku ya pili: mwenyewe ameinama kidogo kwa sababu ya umri na kazi ya kukaa. Mzee alicheka, akasema hata yeye ni hivyo, akaongeza sentimita mbili kwenye urefu wa mgongo na kuzipunguza mbele. Sijawahi kumwona fundi akimshonea mtu wa mbali kwa uangalifu wa namna hiyo, na kama tathmini hii ingeishia kwenye ukataji peke yake, ningempa alama zote.

Bitana ndiyo iliyotugombanisha. Nilitaka ndani ya kizibao mwekwe kanga, mgongoni, ili maneno yake yamlale mvaaji kati ya mabega na yasionekane na mtu mwingine. Wenzetu wakali wa usahihi wangelalamika, na wangekuwa na haki, kwa kuwa kanga ni vazi la karne ya 19 na Roberts alikuwa amekufa zamani. Lakini bitana ni siri ya mwenye nguo, na pamba za kutoka India zilikuwa zikiwavutia hao hao maharamia kiasi cha John Rackham kubandikwa jina la Calico Jack, kutokana na kitambaa cha Calicut, katika miaka ambayo Bunge la Uingereza lilikuwa likizipiga marufuku kwa sheria za mwaka 1700 na 1721. Nilitafuta jina ninalolitaka kwenye maduka manne. Kanga nyingi zilizokuwapo zilikuwa za mafumbo ya wake wenza na majirani, ambayo sikuona namna ya kumweleza mama wa Bristol bila kuingia katika habari ndefu. Mwishowe nikapata ya bluu na nyeupe, pindo lake la korosho, iliyoandikwa UKIONA VYAELEA VIMEUNDWA. Kwa mtu aliyeshona maisha yake yote na anayependa mambo ya meli, sikuhitaji kutafuta zaidi.

Nilimweleza Mzee kwamba mgongo wa bitana usiwe na mshono wa katikati, maana mshono ungeyapasua maneno. Alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amenielewa. Niliporudi Ijumaa niliyoambiwa, nilikuta bitana imekatwa kama inavyokatwa bitana ya koti lolote, vipande viwili vya mgongo, UKIONA VYAE upande mmoja na herufi zilizobaki zikiwa zimeliwa na mshono na kwapa. Mzee alipoona uso wangu alisema kwamba aliyekata ni kijana wa zamu ya jioni. Huenda ni kweli. Hata hivyo, nguo ikitoka katika chumba cha fundi ni ya fundi, nami nilimwambia hivyo kwa adabu, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na sauti nyingine mle ndani isipokuwa cherehani. Tulichosahau wote wawili kwa hasira ni kwamba kanga huuzwa doti. Kipande cha pili kilikuwa bado kimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza. Safari hii alikata mwenyewe, mbele yangu, baada ya kuyalaza maneno katikati na kuyapigia mstari wa chaki juu na chini, na hakunitoza chochote kwa kazi ya mara ya pili, ingawa sikuwa nimedai.

Vifungo vilikuwa 16, vya kuvikwa kitambaa kilekile cha nguo, kwa kuwa kifungo cha plastiki kingeharibu kila kitu. Kuvika kifungo ni kazi ya dakika mbili kwenye mashine ndogo ya mkono, nayo huifanya mtu mwingine wa chini ya ngazi kwa shilingi 30 kila kimoja. Matundu ndiyo kazi. Tulikubaliana kwamba yatashonwa kwa mkono, uzi kwa uzi, na hapo tena nililazimika kusema neno, kwa sababu matundu matatu ya juu yalikuwa yamepigwa kwa cherehani cha umeme kwa kisingizio kwamba hakuna atakayejua. Nilimweleza ni nani atakayevaa. Mzee alivua miwani, akaniuliza mama huyo alishonea watu gani, nikamwambia, akauliza kama alikuwa akikata mwenyewe au alikatiwa, nikamwambia alikata mwenyewe. Aliyafumua matundu yote matatu kwa wembe bila neno jingine. Yale 13 yaliyofuata yalitoka mazuri mno, nyuzi zimelala karibukaribu kama mbegu za mahindi kwenye gunzi. Yale matatu ya juu, ukiyatazama kwa karibu, yanaonyesha kwamba kitambaa kiliwahi kuteswa.

Kuhusu muda, sitamtetea. Aliniahidi wiki tatu. Nguo ilikamilika Ijumaa ya pili ya Agosti, yaani baada ya wiki 11, na katika muda huo niliambiwa “njoo Ijumaa” mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi wangu walijua siku hiyo nisiulizwe kitu. Sababu zilikuwa sare za muhula, kisha umeme, kisha harusi ya mpwa wake, kisha sare tena. Hata hivyo, nafasi ya kungojea kwake si mbaya. Kuna benchi, kuna redio yenye sauti ya chini, na Mzee hupenda maswali. Siku moja aliniuliza kama maharamia wote walikuwa wa huko Karibi au na sisi tuliwapata. Nikamsimulia kwamba baadhi ya waliotafutwa sana na Waingereza walikuwa na maskani yao katika kisiwa cha Sainte-Marie, Madagaska, alikoiacha William Kidd meli yake mwaka 1698 kabla ya kwenda kunyongwa London mwaka 1701; na kwamba Mombasa yenyewe, mwaka 1589, Wareno walimkamata Mir Ali Bey, baharia wa dola ya Waturuki aliyekuwa akiishawishi miji ya pwani iwaasi, ambaye kwao alikuwa haramia tu, kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Mzee alisikiliza yote hayo akitia uzi kwenye sindano, na alichotaka kujua mwishowe ni kama huyo Mir Ali alisafiri na fundi wake au alishonewa bandarini.

Mkanda ulikuwa jambo rahisi zaidi, na hapa ninamsifu mtu mwingine kabisa. Kizibao peke yake kingetosha kuwa fungu, lakini nilitaka na mkanda wa begani wa kubebea upanga, nikaenda Kariokor, soko ambalo jina lake ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wengi hulijua kwa nyama choma na vyondo. Upande wa ngozi, ambako hushonwa makubadhi, mikanda na mikoba, kuna mafundi ambao kazi yao hustahili kutazamwa kwa subira. Niliyempata alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, aliyeuliza swali moja tu: upanga ni wa chuma au wa mbao? Nilipomwambia ni wa mbao, alipunguza unene wa ngozi ili mkanda usimlemee mama wa watu. Nilitaka ngozi itiwe rangi nyeusi. Akakataa, akasema rangi ingehamia kwenye kile kitambaa chekundu siku ya kwanza ya jasho, na kwamba ngozi ikiachwa ilivyo na kupakwa mafuta itajipatia weusi wake kwa miaka. Bizimu ya shaba ya manjano nilikuwa nimeipata Gikomba kwenye mkanda wa mtumba, naye aliikaza kwa uzi uliotiwa nta badala ya misumari midogo. Siku tatu, shilingi 2,500, na kama nyongeza akanipa kifuko cha kamba kilichoshonwa kwa mabaki ya ngozi ileile, akisema kwamba mtu wa meli hawezi kukosa mahali pa kuweka sarafu. Sikukiomba. Niliuliza bei yake, akaniambia hicho ni chake kwa huyo mama.

Hesabu yote ilikuwa hivi: damaski mita mbili shilingi 1,700, kanga 800, merikani 400, vifungo 480, na ufundi wa Mzee 5,500, baada ya kuanzia 7,000. Kwa hiyo kizibao kilinigharimu shilingi 8,880, na pamoja na mkanda 11,380. Kwa kizibao kilichokatwa mara mbili na kushonwa matundu kwa mkono, bei hiyo ni ya haki, na nadhani kwa upande wa Mzee ni ya hasara kidogo. Kilichoniuma ni kutuma: shilingi 6,800, kwa kuwa nilichelewa hadi sikuwa na njia ila kutumia usafirishaji wa haraka, na gharama hiyo kwa kweli ni sehemu ya zile Ijumaa zangu. Yeyote atakayempelekea kazi ya zawadi yenye tarehe, na ahesabu muda alioahidiwa mara tatu.

Kaunta ya vifurushi ilinipa dakika moja ya kufikiri. Fomu ilitaka nieleze kilichomo, nami kwa uaminifu wa mwalimu nikaandika “vazi la haramia”. Binti aliyekuwa akipokea aliisoma mara mbili, akanitazama. Si kosa lake. Katika nchi hii neno hilo si la hadithi. Ni la mabaharia waliokaa mateka kwenye pwani ya Somalia, na la chumba cha mahakama chenye ulinzi mkali kilichofunguliwa kwenye gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, mwaka 2010 kwa ajili ya kesi za aina hiyo. Huwa ninajiuliza kama miaka mia tatu inatosha kuugeuza wizi kuwa mchezo wa kofia na vifungo, na mara nyingi jibu langu hutegemea ni nani aliyeniuliza. Siku hiyo nilifuta, nikaandika “kizibao cha kale, cha maonyesho”, na kifurushi kikapigwa muhuri.

Kilifika Bristol tarehe 16 Septemba. Tarehe 19 ilipokuja, kila mmoja wetu alituma picha yake akiwa amevaa fungu alilopewa, kama desturi yetu inavyotaka. Yupo aliyepokea kofia ya kufumwa kutoka Hamburg, yupo aliyepokea pembe ya ng'ombe iliyochongwa meli. Picha za mama wa Bristol zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimwonyesha kwa mbele, kizibao kimemkaa mabegani kama kilichopimwa juu yake, mkanda begani, kifuko kiunoni. Ya pili alikuwa ametupa mgongo na amekivaa kizibao nje ndani, kanga yote iko nje, na alikuwa ameshayajifunza maneno yale matatu, maana aliyatamka kwenye ujumbe wa sauti, taratibu, akikwama kidogo kwenye “vyaelea”.

Wiki iliyofuata aliniandikia tena, safari hii kama fundi. Alisema ukataji wa mgongo ni wa mtu anayeujua mwili unaozeeka. Alisifu kingo zilizokunjwa mara mbili. Kisha akauliza, kwa upole, matundu matatu ya juu yalipatwa na nini, na kabla sijamjibu akaongeza kwamba yeye naye alipokuwa kijana aliwahi kufumua kazi ya mashine kwa wembe usiku wa kuamkia onyesho, na kwamba anayatambua makovu yake. Mwisho wa barua aliomba kipimo cha kichwa cha fundi wangu, akidokeza kwamba sufu nyeusi iliyobaki kwenye kofia yangu inatosha nyingine.

Nilikwenda River Road na futi mkobani. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, ngazi zimejaa mafurushi ya sare za kijani na za kijivu, na wazazi wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakiambiwa waje Ijumaa. Nilimsomea Mzee barua yote, nikiitafsiri. Sehemu ya matundu alitaka isomwe mara ya pili. Nilipotoa futi, aliisukuma kwa mkono uliokuwa na mkasi, akaniambia hawezi kupimwa kichwa akiwa amekaa kwenye kazi za watu. Nirudi baada ya Januari, shule zikishafunguliwa.